Mkono Juu ya Boneti

Baba Divine alinipigia simu siku nne kabla ya matanga ya mke wake kuondolewa, na kabla hata ya kuniuliza hali alisema, "Mama Glory, ukuje Jumamosi. Lakini mashine uiache kwako." Kisha akakata. Nina karakana yangu sasa hapa Mbarara, ninasugua rangi za magari mpaka mikwaruzo ipotee, na kila anayenipigia simu huniuliza kama mashine iko tayari. Sijawahi kuitwa mahali nikaambiwa niiache. Tena aliyeniita ni mtu ambaye kwa miaka kumi na saba, kila nilipomwona mjini, nimekuwa nikivuka barabara na kujifanya natafuta kitu kwenye pochi. Namjua, ananijua, na kati yetu kulikuwa na jambo moja nililolifanya nikiwa na miaka ishirini na miwili. Nililifanya kwa kudhani nina akili kuliko wateja wangu.

Wanaoandika maisha yao huanza na wazazi, kijiji na njia waliyopita wakikimbia. Mimi hayo nayaruka. Inatosha kusema kwamba nilitoka Juru, ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale hapa Uganda, upande wa Wakongo, nimechoka kupalilia maharage ya watu na yangu, na mwaka huo nikapata kazi Mbarara kwa mzee mmoja wa Masha aliyeitwa Afande. Alikuwa amewahi kuendesha magari jeshini, na Kiswahili chake alikitoa huko, cha kuamrisha, hata akikusalimia unahisi usimame wima. Karakana yake ilikuwa kontena la chuma nyuma ya kituo cha mafuta, na mbele yake banda la mabati lenye pazia la turubai. Pazia hilo tulilifunga mchana kweupe. Mikwaruzo haionekani vizuri kwenye mwanga unaotoka kila upande. Inataka giza na taa moja. Unashika taa chini, unaielekeza kwa ubavu, na rangi uliyodhani ni safi inakuonyesha yote iliyofanyiwa: kucha za abiria, matawi, pete za watu, vitambaa vyenye mchanga. Ukiinua taa kidogo, vyote vinaondoka. Ukiishusha, vinarudi palepale. Wiki za mwanzo jambo hilo lilinisisimua mwili, na mara nyingi nilitafuta sababu ya kutoka nje nikaangalie boda boda na jua.

Mashine zilikuwa mbili, zimening'inizwa kwenye misumari miwili, na Afande hakuniruhusu kugusa hata moja mpaka nizijue kwa maneno. "Sikiliza, wewe," alisema. "Hii kubwa inazunguka tu. Iko na nguvu mingi, haina huruma. Ukisimama nayo mahali moja, inachoma rangi, unaona chuma. Hii ndogo inazunguka na inacheza-cheza. Haichomi, lakini skrachi ya ndani haiwezi." Nikamuuliza basi mtu anachaguaje. Akanishika kidole akakiburuta juu ya mlango wa gari lililokuwa pale. "Usiangalie gari, hata mwenye gari usimwangalie. Weka ukucha. Ukucha inateleza, chukua ndogo. Ukucha inashika, chukua kubwa, na umwombe Mungu." Sehemu ya mwisho, ya kutomwangalia mwenye gari, niliidharau. Niliona ni ukali wa mzee tu.

Nilijifunza haraka, nasema bila kujisifu, au kwa kujisifu kidogo. Nilijifunza kupitisha waya begani ili usikwaruze mlango unaosafisha, kubandika utepe kwenye kingo ambako rangi ni nyembamba, kujaribu kwanza kwenye kipande cha ukubwa wa sahani, na kugusa rangi kwa mgongo wa mkono kila baada ya muda ili ujue joto limefika wapi. Jioni mikono ilikuwa inaendelea kutetemeka hata mashine ikiwa imezimwa. Asubuhi pia. Nilipanga chumba Kisenyi kwa mjane mmoja Mnyankore aliyetupikia katogo, ndizi na maharage ndani ya sufuria moja, na kila nikishika kikombe cha chai chai inamwagika. "Huyu msichana ananywa waragi," alikuwa akiwaambia majirani, nami nikamwacha aamini. Ukuta wa chumba ulikuwa wa mbao nyembamba, na upande wa pili waliishi dada wawili wa Bukavu waliouza vitenge kambini na kurudi mjini na habari zote za Nakivale. Sikuhitaji redio.

Kulikuwa na vitu viwili zaidi kwenye karakana ile ambavyo lazima nivitaje. Cha kwanza ni kopo la polishi ya mafuta lililokaa rafu ya juu kabisa. Afande aliliita dawa ya madalali. Haiondoi mkwaruzo, inaujaza tu, gari linang'aa mpaka liuzwe, na likikutana na sabuni kali mikwaruzo yote inarudi. Cha pili ni karatasi nyembamba zinazopitisha mwanga. Kila mkwaruzo mkubwa ulipokuja, Afande aliweka karatasi juu yake, akaufuatisha kwa penseli, akaandika pembeni gari la nani, kisha akaitundika ukutani. Alikuwa amewahi kugombana na mteja aliyedai kwamba alama imetokea humo humo karakanani. Tangu hapo hakugusa kitu kabla hakijachorwa. Kuta za kontena zilijaa mikwaruzo ya magari yaliyokwisha kuondoka yakiwa safi.

Gari la Baba Divine lilikuja mwezi wa nane, jeusi, lililokuwa likibeba abiria kati ya Nakivale na Mbarara. Afande alikuwa amekwenda Masha kuangalia ng'ombe wake, akaniachia funguo na neno moja: "Leo wewe ndiyo unachagua." Walishuka mume na mke, Warundi, wamevaa nguo za kuja mjini. Mume alisimama ameipa boneti mgongo, akawa ananionyesha kwa kidole gumba juu ya bega lake, bila kugeuka. Nilizunguka nikaangalia. Kulikuwa na mkono wa mtoto. Alikuwa ameweka kiganja juu ya boneti na kukizungushia mstari kwa jiwe, vidole vitano, umetanuliwa kabisa. Mstari ulikuwa mweupe, wa kukatakata, na haukufunga. Kwenye kidole cha mwisho, karibu na kifundo, uliachia nafasi ya upana wa kidole.

"Ni binti yangu alichora," alisema Baba Divine. "Nilimpiga, mwanangu. Makofi mawili, kwa sababu ya gari. Ilikuwa Jumapili. Jumapili ya pili yake akashikwa homa, na ya tatu hatukuwa naye." Aliyasema hayo akitazama pazia la turubai. Mwaka tangu kifo chake ulikuwa unakaribia kwisha na familia ilikuwa inajiandaa kwa kuganduka, siku ambayo Warundi wanaondoa matanga kabisa: watu wanakula, wanakunywa, msemaji wa familia anasimama na kutamka kwamba kilio kimekwisha na wafiwa wanarudi kwenye maisha. "Watu watakuja, gari litakuwa hapo nje. Sitaki wakaone kale kamkono. Na mimi sitaki kukaona tena. Kila asubuhi nikifungua kapo kuangalia maji, kananiangalia." Kapo ndiyo boneti, kwa watu wa Kifaransa kama sisi. Nikamwambia aende sokoni, arudi saa kumi.

Mke wake hakwenda naye. Alikaa kwenye benchi nje ya pazia hadi miguu ya mumewe iliposikika mbali, kisha akaingia gizani nilikokuwa na taa. "Wewe uko na mtoto?" aliniuliza. Nikasema bado. "Sisi hatukumpiga picha hata moja. Tulisema tutampiga siku ya komunyo." Akashusha mkono karibu na boneti lakini hakuigusa. "Picha yake ndiyo hii. Usikatoe." Nikamwambia mume wake ameagiza vingine. Akanionyesha pale mstari ulipoachia. "Hapa ndipo baba yake alimpigia kelele. Akatoa mkono haraka, hakumaliza." Kisha akarudi kwenye benchi.

Nilifanya kama nilivyofundishwa. Niliweka karatasi, nikafuatisha mkono ule kwa penseli pamoja na nafasi yake, nikaandika pembeni: *gari nyeusi, Baba Divine*. Niliweka ukucha. Ukashika, si sana, lakini ulishika. Mashine kubwa ilikuwa pale kwenye msumari wake. Nikachukua ndogo. Nikashusha kopo la madalali kutoka rafu ya juu. Nilijiambia kwamba baba hatauona mkono, mama atajua kwamba bado uko pale chini, na mimi nitakuwa nimewatendea wema wote wawili kwa kazi moja. Nilijipenda sana siku ile. Niliipitisha mashine polepole, mistari ya kwenda na mistari ya kukatiza, na chini ya taa mkono ukaanza kuzama. Kidole gumba kwanza, kisha vingine. Nilipogusa boneti kupima joto ilikuwa ya moto kiasi cha paji la mtoto mwenye homa, nikauondoa mkono wangu upesi. Nikaifuta kwa kitambaa. Rangi ikawa nyeusi tupu, nami nikajiona uso wangu ndani yake.

Baba Divine aliporudi aliangalia, akashusha pumzi ndefu ambayo nadhani aliishika mwaka mzima, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Mama Divine aliniangalia mimi, si boneti. Nikamkonyeza. Mpaka leo nikikumbuka ule ukonyezo najisikia aibu mpaka masikioni.

Walinialika kwenye kuganduka nyumbani kwao Juru, nikaenda. Nilijua barabara ile kama ninavyoujua mlango wa kwetu. Gari lolote linalotoka Mbarara kwenda Juru linafika jekundu kwa vumbi, na siku ya wageni hakuna anayeacha gari jekundu mbele ya nyumba. Kila mtu wa Nakivale anajua hilo. Mimi niliyezoea kuifuta miguu yangu vumbi lile lile sikulifikiria hata mara moja, mpaka nilipoingia uani nikaona beseni, matambara, na wapwa wawili wa Baba Divine wakimwaga maji ya mwisho yenye povu. Walikuwa wameliosha kwa sabuni ya unga, kwa bidii, kwa heshima ya marehemu. Gari lilikuwa likidondosha maji juani. Nilikaa chini ya turubai na wageni wengine, nikapewa sahani ya wali, maharage na ndagala, wale dagaa wadogo, na nikaanza kula kwa sababu sikujua nifanye nini kingine.

Nyuma yangu wanawake walikuwa wakiongea jikoni. Mmoja alisema Baba Divine amenenepa kidogo wiki hii, mwingine akasema ni kwa sababu sasa analala usiku. Kaka mkubwa wa Baba Divine akasimama na glasi ya pombe ya ndizi kutamka yale maneno. Alikuwa amefika pale anapowashukuru majirani waliolala na wafiwa, wakati mtoto mmoja wa shangazi, wa umri aliokuwa nao Divine, alipokwenda kwenye gari lililokuwa limekauka. Akasimama kwenye boneti. Akaweka kiganja chake juu yake, akakitanua, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Divine ameandika tena."

Mkono ulikuwa pale, mweupe kuliko nilivyoukumbuka, kwa sababu unga wa sabuni ulikuwa umebaki kwenye mistari. Kiganja cha yule mtoto kilikaa ndani yake sawasawa. Hakuna aliyepiga kelele. Kaka mkubwa alitazama, akaiweka glasi yake chini mezani bila kuinywa, na watu waliokuwa wameshika zao wakaziweka vilevile, moja baada ya nyingine, nikasikia mlio wa kila moja. Bibi mmoja akasema, "Hajakubali." Maneno ya kuondoa matanga hayakutamkwa. Baba Divine alikuwa amesimama na midomo wazi, uso wake umekuwa wa rangi ya majivu, na nilijua anachofikiri kama vile amekisema: mtoto hajamsamehe. Nikamtazama mke wake. Alikuwa anatabasamu kidogo, akitazama boneti, mikono imetulia mapajani. Sentensi moja ingetosha. Ningesema ni polishi, ni kosa langu, ni sabuni. Nilikuwa na wali mdomoni, na niliona aibu, na nikameza. Basi. Hakukuwa na sababu nyingine kubwa zaidi ya hiyo.

Jumatatu walikuja tena wote wawili. Safari hii Afande alikuwepo. Baba Divine hakunilaumu hata kidogo, na hilo ndilo lililoniumiza. "Kazi yako ilikuwa nzuri, mwanangu. Nilikaona kametoka kwa macho yangu. Sasa toeni yote, mpaka chini. Kama katarudi tena, nitajua kwamba hataki kunisamehe, na sitaomba tena." Afande alipitisha ukucha juu ya boneti, akainama akainusa, kisha akanivuta ndani ya kontena. "Ulichukua ndogo," alisema. "Ndiyo, Afande." "Na ile kopo." "Ndiyo, Afande." Nilingoja anifukuze. "Leo unachukua kubwa. Mimi sigusi. Na huyu mzee, wewe ndiyo utamwambia, siku yako ikifika. Mimi sitasema kwa ajili yako."

Nilianza kwa msasa laini na maji, kisha nikaiwasha mashine kubwa, iliyovishwa sufu. Mashine ile inavuta mabega, inataka kwenda inakotaka, na ukiisikiliza kwa muda mrefu ndani ya banda lililofungwa unaanza kusikia sauti ndani ya mngurumo. Nilisikia mtoto anahesabu. Najua hakukuwa na mtoto. Nimeisikia sauti hiyo mara nyingi baadaye kwenye magari mengine, na ni ya mashine. Lakini siku ile niliizima mara tatu nikasikiliza. Niliondoa kidole gumba, kidole cha shahada, cha kati, cha pete. Nilipofika kwenye kile cha mwisho, chenye nafasi, nililia, nikapangusa machozi kwa mkono wenye vumbi la rangi. Kisha nikakiondoa. Niliweka ukucha, ukateleza. Nilishusha taa, nikaiinua, nikaishusha tena. Mashine kubwa ikimaliza, imemaliza.

Mama Divine alikuwa kwenye benchi. "Umefika mwisho?" aliniuliza. Nikasema nimefika. Hakulia. Sikuweza kumwacha aende hivyo, nikarudi ndani, nikaitoa ile karatasi kwenye msumari wake ukutani, nikamfungia kwenye kiganja. Aliikunjua kidogo, akaona vidole vya penseli, akaikunja na kuifunga ndani ya kitenge chake, kiunoni. "Asante," alisema, kwa wepesi kabisa, kama mtu aliyerudishiwa sindano aliyoiazima.

Haikupita wiki mbili. Nilikuwa nimekaa kitandani najaribu kushona kifungo kwa vidole vinavyotetemeka, na upande wa pili wa mbao mmoja wa wale dada wa Bukavu alikuwa akimwambia mwenzake, "Kale kamukono ka mutoto wa Juru karudi. Batu bameenda kuona. Fasi ile ile, pale pale." Mwenzake akauliza, "Na ile mashine ya Mbarara?" "Haikuweza." Sindano ilinichoma na sikuisikia. Nilijua papo hapo. Mkwaruzo niliouondoa hauwezi kurudi, ila mtu aweke karatasi juu ya boneti, achukue msumari na kufuata penseli. Asubuhi magari ya Nakivale yanajaza abiria hatua chache kutoka kwetu. Sikupanda lolote. Kazini Afande alitazama ule msumari ukutani usio na karatasi, akanitazama mimi, akaendelea na kazi yake. Alifariki miaka kadhaa baadaye na mashine zote mbili akaniachia mimi. Hakuwahi kuniuliza tena.

Nimefikiria sana kwa nini yule mama alifanya vile, akijua mumewe ameapa nini. Nilipokuwa kijana nilimwona katili. Nilipomzaa Glory niliacha kumhukumu. Kuhusu Baba Divine sikufikiria, nilimkimbia tu. Nilijiambia kwamba amekwisha kusahau, au amekwisha kuvunjika, na kwamba kwa vyovyote maneno yangu yamechelewa.

Jumamosi nilikwenda Juru na kitambaa kimoja ndani ya mkoba. Mikono ilikuwa inaona ajabu kutobeba kitu. Wageni walikuwa wameanza kujaa uani, na Baba Divine, aliyekuwa mzee wa fimbo sasa, alinipokea mlangoni, akanipitisha sebuleni na kufunga mlango nyuma yetu. Gari lilikwisha kuuzwa vipande vipande zamani. Boneti ilikuwa imeegemezwa ukutani chini ya picha ya Bikira Maria, rangi yake imekuwa ya kijivu, na katikati yake mkono wa Divine, umefifia kiasi kwamba ilibidi niiname kwa upande, kama ninavyoinama na taa.

"Mara ya kwanza nilisema amekataa," alisema. "Iliporudi mara ya pili nilikaa siku tatu sili. Siku ya nne nikawaza: mtoto aliyekasirika anaenda zake, harudi. Huyu amekuja kukaa. Tangu siku hiyo nakasalimia kila asubuhi, na sijampiga mtoto mwingine." Aliketi. "Sasa tangu mama yake afe kanafifia. Wajukuu wanasema shangazi yao Divine anaondoka na bibi. Wanaogopa. Na mimi nilikuwa naogopa, mpaka nilipofungua kopo lake la rozari." Akanipa karatasi. Ilikuwa imeunganishwa kwa utepe pande nyingi, na mstari wa penseli haukuwepo tena, palikuwa na tundu tu, limekatwa na msumari mara nyingi, kingo zake nyeusi kwa vumbi la rangi. Pembeni kulikuwa na maandishi. "Huu mwandiko ni wako, Mama Glory."

"Ni wangu, Baba Divine." Nikamwambia yote. Nilimwambia juu ya mashine ndogo, kopo la madalali, sabuni, wali niliomeza, karatasi niliyotoa. Maneno niliyoyabeba miaka kumi na saba yalikwisha kabla ya mtu nje kumaliza kupanga viti. Alisikiliza akiwa ameshika fimbo kwa mikono miwili. Nilitaka anitukane. Mwishowe alisema, "Basi kila mwaka alikuwa anakafanya upya, mimi nikiwa kanisani." Akaigeukia boneti. "Nilikuwa nikiuliza kila asubuhi kama nimesamehewa. Aliyekuwa ananijibu ni Mama Divine."

Alitoa msumari kwenye mfuko wa koti. "Wewe ni fundi, na mikono yangu haitulii tena. Fuata karatasi." Nilipiga magoti. Maisha yangu yote nimelipwa kwa kutoa mikwaruzo, na sasa nilikuwa nimebana karatasi kwa kiganja, nikisikiliza msumari ukilia juu ya rangi. Nyumba ilikuwa ya baridi, asubuhi ile haikuwa na jua, lakini boneti chini ya kiganja changu ilikuwa na joto. Sikumwambia. Nilipita gumba, nikapita vidole vitatu, nikafika kwenye kile cha mwisho, na tundu la karatasi likaishia palipoishia siku zote. Mke wake hakuwahi kupavuka.

"Hapo niachie mimi," alisema. Akashuka chini polepole, akashika bega langu, akachukua msumari. Mkono wake ulitetemeka kuliko wangu wa mwaka ule. Akaunganisha mstari.

Nje waliita kwamba msemaji yuko tayari. Nikamsaidia kusimama, nikapangusa vumbi la rangi kwa kitambaa, nikamuuliza atawaambia nini wajukuu wakiona mkono umefunga.

"Nitawaambia amemaliza," alisema, na tukatoka tukakae na wengine.